Hina Kwenye Lori la Baba

Nakumbuka asubuhi moja nimesimama kwenye gereji ya Fundi Mcha, Mlandege, kidole changu cha shahada chekundu kwa hina, nami sijaoa wala sijaposa.

Mwanangu, kisa chenyewe ni hiki. Baba alipofariki alituachia lori la bodi ya mbao, lililobeba karafuu na ndizi kutoka Kizimbani tangu sijazaliwa. Lilikuwa likitoa moshi mweusi na kukwama vilimani. Mama alitaka litengenezwe. Usitupe mbachao kwa msala upitao. Mfanyabiashara mmoja alitaka kulinunua aliegeshe mbele ya hoteli yake, watalii wapige picha. Uamuzi nikaachiwa mimi, kwa kuwa ndiyo kwanza nimetoka chuo kikuu. Nao wahenga walishasema, akili nyingi huondoa maarifa.

Nilimshuku kila mtu. Mnunuzi: mbona anacheka sana? Fundi Mcha, rafiki wa baba, tuliyempelekea lori alikague: mbona anasema litapona kabla hajafungua boneti? Nikajiambia atang'oa vyuma vizima, atie vibovu. Basi nikachota hina ya dada yangu, aliyoikoroga kwa ajili ya harusi ya jirani, nikaingia gereji mafundi walipokwenda kuswali, nikapaka alama kwenye kila chuma cha injini. Mungu anisamehe, wenzangu wanasujudu, mimi natega.

Siku ya tatu nikaja kukagua. Hapana alama hata moja. Nikapiga kelele mbele ya wateja: "Mzee, umetubadilishia vyuma!"

Fundi Mcha hakuinuka kwenye kigoda chake. "Shikamoo leo imekushinda?"

"Shikamoo."

"Marahaba, bwana harusi. Hicho kidole nnakiona tangu juzi. Hina haishiki chuma, baba. Vyote nshaviosha kwa mafuta ya taa. Ndivyo kazi inavyoanza."

Watu wakaangua kicheko. Akanisogezea gunia. Fundi wa zamani humrudishia mwenyewe kila chuma alichokitoa. Vilivyochakaa vyetu vilikuwemo vyote, vimefungwa gazetini kimoja kimoja.

Kisha akanilaza chini ya lori na bisibisi mkononi. "Choma hapo."

Nikaichoma chesi, chuma kirefu kinachobeba lori zima. Chini ya rangi inayong'aa, bisibisi ikazama kama kwenye muhogo uliooza.

"Mimi umenishuku siku tatu," akasema. "Hii iliyotaka kukuua njiani hukuitazama. Injini yako itapona. Chesi ntaichomelea chuma kipya, kama unaniamini. Kama huniamini, kauze leo."

Nikamwomba radhi mbele ya walewale walionisikia, nikabaki wiki nzima namshikia taa. Lori tunalo hadi leo. Wewe mwenyewe umelipanda kwenda shamba.

Mwanangu, sikukatazi kushuku. Cha kale dhahabu, lakini dhahabu nayo hupimwa. Kabla hujaamua kukitengeneza au kukiuza, lala chini, uchokoe kwa mkono wako. Na mtu ukimtilia shaka, muulize usoni, usimtegee akiwa kwenye sala. Hina yangu iliondoka kwenye chuma siku ileile. Kwenye ukucha wangu ilikaa miezi, na kila aliyenipa mkono aliiona.

Mola akujaalie jicho la kuona kutu mapema, na ulimi mwepesi wa kuomba radhi. Amin.