Tano ya Wenyewe, Tano ya Roret

Hakuna simu imewahi kutengenezwa Roret bila mimi kuwa hapo, na mimi hata shule sikuingia. Juzi mzee mmoja asiyeona akaleta yake dukani kwa fundi. Ilikuwa inamsomea meseji za mke wake, aliyelazwa hospitali. Siku tatu imenyamaza, na mzee hataki mtu mwingine asome maneno ya mama.

Fundi, msichana mpole, akaishika kwa mikono miwili. "Pole, baba. Kosa ni langu. Hii programu ya kusoma ilikuwa toleo namba nne. Nikairekebisha kidogo, nikaiita tano. Sasa wenye kuiunda wametoa tano yao, inayotibu huu ububu, lakini simu inaikataa. Inasema tano tayari imo ndani."

"Ulipea mtoto wako jina la mtoto wa jirani kabla azaliwe," mzee akasema.

"Ndio, baba." Akafuta yake, akaweka ya wenyewe. "Nikiiguza tena, nitaiita tano, ya Roret ya kwanza. Jina la sita nawaachia wenyewe."

Simu ikaongea: "Nimekula uji. Wewe umekula?"

"Bado," mzee akaijibu, akiifuta kioo kwa kidole.

Mimi tangu kuzaliwa nimelia mara moja tu. Hiyo niliyolia pale dukani msiiite ya pili. Iiteni moja, ya Roret ya kwanza.