Nyumba ya Mama Athanasie Ilipanda Kamio

Siku Papa Floribert, mwenye parsele ile nyumba inakalia, alikuya kuambia Mama Athanasie kama pesa ya kukaa imepanda tena, alimukuta juu ya mabati. Eeh, juu kabisa! Mama wa retrete, ameisha maliza kazi, mwenye mujukuu mu sekondari, amekaa juu ya nyumba na nyundo mu mukono, misumari mu kinywa, kitenge amekifunga nguvu ku kiuno. Upepo ya ziwa ilikuwa imefungula bati moja, na Mama Athanasie hangojake fundi juu ya bati moja.

"Mama Isimbi, shuka tuongee," Papa Floribert akamuita kule chini kwa jina ya mutoto wake. Alikuwa na shemizi ya kupigwa pasi, anazungusha funguo ya motoka ku kidole.

"Ongea tu, Papa Floribert. Masikio nimepanda nayo."

"Siwezi ongea na muntu nikimuangalia miguu."

"Basi angalia mbingu. Utasikia vilevile."

Majirani ilianza kuchekea mu milango. Papa Floribert akakohoa. "Bon. Kuanzia mwezi inakuya, hautalipa tena parsele tu. Utalipa na nyumba. Na garanti, pesa ya miezi sita mbele, sawa bantu bote ba Goma."

Mama Athanasie akatosha misumari mu kinywa pole pole. "Nyumba gani?"

"Hii."

"Hii nimekalia?"

"Njo hiyo. Iko mu parsele yangu, iko yangu. Kuko muntu anaitaka, iko na dola tayari. Ukishindwa kulipa, mwisho wa mwezi unatoka, unaiacha vile iko."

Mama Athanasie akarudisha misumari mu kinywa, akapiga moja, pa! Papa Floribert akaruka kidogo, sababu ilikuwa karibu na kichwa yake.

Inafaa ujue kwanza nyumba ile ilisimamaka namna gani. Mama Athanasie alifundisha primere kule Mushaki maisha yake yote. Vita ilimushusha Goma na malle moja ya nguo na mutoto wake Isimbi. Papa Floribert akamupa kona ya parsele yake, na kona ile haikukuwa na nyumba, ilikuwa mabwe meusi ya volkano tu, hata boga haiwezi kuota pale. Bakasikilizana kwa kinywa: mama atalipa chini, nyumba ya juu atajijengea. Bon, mama akatuma bantu bakate mikaratusi marehemu bwana yake alipandaka Mushaki, bakaipasula mbao, mbao ikashuka na kamio ya mizigo, fundi Evode akaipigilia. Iko nyumba sawa ile yote ya Goma ya mbao: inakaa juu ya mabwe sawa muntu anakaa juu ya kiti. Haikushikwa chini.

Na maisha ya retrete mu Goma, wee! Pesa ya retrete inatoka siku inajisikia. Mama anaenda ku banki asubui na mapema, anakuta bazee benzake bameisha panga mulongo, banaambiwa "système imekatika", banarudi. Ikitoka, ya kwanza ni pesa ya parsele, kiisha maji, kiisha makala ya kupikia, kenye kinabakia njo kinatafuta maharagi. Makala imepanda, maharagi imepanda, na kila mwaka Papa Floribert naye anapanda. Kitu moja tu haikukuwa na bei: akiingia mu nyumba yake na kufunga mulango, hakuna muntu wa kumuambia kitu.

Sasa njo mu ile nyumba banataka kumutosha inje.

Isimbi alisikia, akakuya mbio na hasira. Iko anasuka nywele ku soko ya Virunga, ameolewa, banapanga vyumba mbili.

"Mama, kuya kwetu. Utalala mu salon na batoto. Tutakutandikia matela."

"Na asubui?"

"Asubui tunakunja matela."

"Na miye banikunje pamoja nayo?"

"Mama, acha maneno. Utaenda wapi?"

"Isimbi, nililala mu salon ya bantu mwaka tulifika hapa. Unangoja benyewe bamalize kuangalia televizyo, kiisha bakupe ruhusa ya kusinzia. Siyo miye tena. Hii mbao ni yangu. Pale nitaenda, itaenda."

"Nyumba inaendaka wapi, mama?"

"Kwetu Mushaki."

Isimbi alishika kichwa na mikono mbili. "Bantu batacheka siye!"

"Bacheke. Meno ni yao."

Kesho yake mama alienda kwa Papa Marcellin, chef wa avenue, mukubwa wa mutaa wao, muzee anavalaka kofia ya sufu hata jua ikiwaka. Ku avenue yao, kesi ya nyumba ya mbao haikatwake na maneno, inakatwa na panga. Hapana, siyo kupigana! Chef anapita ku kila muguu wa nyumba, ule muti wa kuisimamisha. Fundi anainua kidogo na chuma, chef anapitisha panga kati ya muti na libwe. Panga ikipita, muguu ule uko wa mwenye alijenga. Panga ikikataa, sababu sima, ile simenti, imeshika, kile kinabakia na parsele. Hakuna mwenye anabishakia panga.

Jumapili kiisha misa, avenue muzima ilikuwa pale. Fundi Evode akapiga magoti na chuma yake, Papa Marcellin na panga, Mama Athanasie na Papa Floribert nyuma yao, hawaangaliane.

Muguu wa kwanza. Evode akainua, panga ikaingia huku ikatokea kule. "Imepita!" batoto bakashangilia. Wa pili, imepita! Bakazunguka mbele, bakazunguka ku chumba ya kulala, kila pahali imepita, na kelele inapanda sawa ku mupira. Papa Floribert aliacha kuzungusha funguo.

Bakafika kona ya jiko. Evode akasukuma, haikuinuka. Papa Marcellin akaingiza panga. Kwaa!

Akajaribu upande ingine. Kwaa!

Sima. Na unajua nani alitia ile sima? Yeye mwenyewe Mama Athanasie! Musimu ya mvua, maji ilikuwa inakula kona ile, retrete ikatoka ile mwezi, akanunua sima, akapiga chini ndani ya nyumba yote ikakuwa ya kung'aa, na yenye ilibakia akaimwanga ku muguu ule wa jiko. Alijisifia karibu mwezi nzima. Kila mugeni alikuwa anaambiwa avue viatu.

Papa Floribert akapiga mikono. "Muliona? Kona moja imeshika, nyumba nzima imeshikwa! Chef, kata kesi."

Isimbi alianza kulia. Lakini mama akamugeukia Papa Floribert, mikono ku kiuno. "Papa Floribert, ukikamata ngombe yangu ku mukia, utakamua maziwa?"

Avenue yote ikaanguka na kicheko. Papa Marcellin alitosha kofia, akajikuna, akarudisha kofia. "Sikia bote. Sijawahi kusema panga inakata nyumba nzima. Kenye panga imekataa, kinabakia. Kenye imepita, kinaenda. Muguu wa jiko na ile sima ya chini ni ya Floribert. Ingine yote, Mwalimu abebe."

"Sima yangu yote?" mama akauliza kwa sauti ya chini. Ilimuuma, usidanganyike. Ile sima ilikuwa na miezi ya kulala na chai bila sukari. Akaiangalia kidogo. Kiisha akasema, "Ni ya kucheza dansi vizuri, Papa Floribert. Vua tu viatu."

Siku ya kung'oa nyumba, mama aliamuka mbele ya kila muntu. Hakutaka mbao ichanganyike, na mwalimu ni mwalimu: akachukua chaki. Ukuta wa mbele akaandika ba, be, bi, bo, bu. Ukuta wa chumba, ma, me, mi, mo, mu. Mulango peke yake akaandika A kubwa. Evode alikuwa anang'oa, mama anaandika, majirani banapanga. Na nani alikuya na nguo ya zamani na nyundo ya kukopa? Isimbi.

"Ulisema bantu batacheka."

"Banacheka, mama. Leta misumari, ninyooshe."

Kamio ilikuwa ya Gentil, kijana wa kule Mushaki, anashushaka mbao na viazi Goma, anapandaka karibu bila muzigo. Mbao ilikuwa imeisha panda yote wakati Papa Floribert alifika na ule muntu wake wa dola, kibonge moja mwenye miwani. Hakuamini kama mama atabeba nyumba kweli, alikuwa anaeleza nyuma ya uzio wa lupango: "Nyumba kavu, mbao ya Mushaki, chini sima..." Bakaingia. Sima ilikuwa pale, safi, inang'aa. Na muti moja ku kona ya jiko, umesimama peke yake sawa askari amesahaulika ku posti.

Kibonge akavua miwani, akaivaa. "Njo nyumba?"

Mama Athanasie alikuwa ameisha kaa mbele mu kamio, kati ya Gentil na dirisha, Isimbi na Evode nyuma juu ya mbao, akamupungia Papa Floribert mukono sawa mwenye anaenda arusi.

Barabara ya kupanda ilikuwa kicheko tupu. Ku Sake bamama bauza mikate bakakimbilia kamio. "Gentil! Umepotea njia? Mbao inashukaka, yako inapanda!"

"Siyo mbao," mama akajibu ku dirisha. "Ni nyumba. Iko inarudi congé, kupumuzika kwao."

Ku bariere, pale banalipisha magari, bakasimamisha kamio. Kijana wa bariere akazunguka, akagusa mbao, akasoma "ma, me, mi", akakuya ku dirisha. "Mbao ya kushuka iko na bei. Ya kupanda, haina bei."

"Basi kama haina bei, fungula."

"Mama, ngoja niulize."

"Uliza. Nitakufundisha hesabu ukirudi." Kijana akafungula.

Lakini juu ya milima mvua iliwangoja, ile mvua ya Mushaki yenye inakuya pamoja na ukungu, haiulizake ruhusa. Gentil hakukuwa na bashi ya kutosha kufunika mbao. Bakifika pale juu, Evode akashuka, akaangalia mbao, akaita: "Mama Isimbi! Ba haiko. Be haiko. Ma yote imekwenda!" Chaki ilikuwa imekuwa maji meupe, inatiririka ku matairi.

Mama alisimama pale na sandali zake mu matope. Mbele yake, pahali pa nyumba yake ya zamani, kulikuwa na ngombe. Ngombe ya shemeki yake Habumugisha, mudogo wa marehemu bwana yake, imelala, inakula, inafanya na bingine pale pale. Habumugisha mwenyewe akatoka mu ukungu na fimbo na bidoni ya maziwa.

"Shemeki, karibu. Muko munapita?"

"Siko napita. Nimefika."

Habumugisha akaangalia kamio, akaangalia ngombe. "Hapa? Shemeki, weye uko muntu wa muji sasa. Hapa ngombe imeisha zoea. Na nyumba yenyewe, ninaona hata haijijue iko nani. Lala kwangu, tutaona mbele."

"Utaniweka wapi kwako?"

"Mu salon."

Isimbi alifunga macho juu alijua kenye kinakuya.

"Habumugisha," mama akasema, na alimuita jina, siyo shemeki, "hii kilima bwana yangu alipandaka mikaratusi, na mikaratusi njo hii iko mu kamio. Retrete yangu Goma iliisha yote mu mifuko ya bantu. Nimeacha kule sima yangu, nimeacha muguu moja ya nyumba. Unafikiri nimepanda milima na mvua ili nikuye kulala mu salon? Ngombe itahama. Leo."

"Na kama haitaki?"

"Basi itakaa ndani, tutapanga pamoja. Lakini haitakuwa yenye inanifukuza."

Gentil alicheka mpaka akakaa ku tairi. Evode akauliza kwa sauti ya huruma, "Mama, sasa mbao gani inaanza? Sijue ya mbele ni gani."

"Yoyote. Ile ya chumba ikuwe ya jiko. Dirisha ikikuya pahali pa mulango, nitapitia ku dirisha. Kata muti mupya wa kona, ule pale. Na sima hakuna tena, weka mabwe."

Akavuta mbao moja mwenyewe kutoka mu kamio, imelowana, ndefu kumupita, akaisimamisha mu matope pale ngombe moja ya madoa ilikuwa imelala. Ngombe ikamuangalia. Mama akaiangalia. Ngombe ikaamuka, ikasogea, lakini pole pole, ya heshima yake.

Mbao ikaanza kuinama. Evode alikuwa mbali na misumari, Isimbi mikono yake imejaa mabati.

"Habumugisha, shika hapa."

"Shemeki, miye sijakubali."

"Unaweza kataa huku umeshika. Shika, inaanguka."

Habumugisha akaweka bidoni ya maziwa chini, akatupa fimbo, akashika mbao na mikono mbili. Alikuwa anaendelea kusema kama hajakubali, kama kesho ataita famili yote, kama ngombe haiwezi kulala ku mutelemuko. Mama Athanasie akachukua nyundo.

"Inua kidogo upande yako," akasema. "Haya. Usitikisike."