Nani Alimtuma Karani?

Mwaka ule kahawa iliiva kwa wingi, nami nilikuwa msichana wa kuchuma pamoja na mama katika shamba la mzungu mmoja nje ya Ruiru. Siku ya mshahara mama alipokea pesa zake, akazitazama, akarudi dirishani.

"Hizi zimepungua."

"Zingine ziko benki," karani wa shamba akamjibu. "Si ulitia kidole?"

Ndipo tulipokumbuka. Kijana mmoja, karani wa benki ya Thika, alikuwa amekuja shambani, amefunga tai, akatugawia vipande vya sabuni. Kila aliyepokea alitia kidole gumba kwenye karatasi, ili ijulikane, alisema, kwamba sabuni imefika. Kumbe tulikuwa tunakubali kukatwa mshahara uwekwe akiba! Na kijana mwenyewe tulimjua. Alizaliwa ng'ambo ya mto, na mama alikuwa akijivunia kwamba mtoto wa kwetu amepata kazi ya kalamu.

Asubuhi iliyofuata hakuna mwanamke aliyeshika kikapu. Zilikuwa siku za hali ya hatari, wakati watu wachache wakisimama pamoja iliitwa mkutano wa siri. Niliogopa mno. Nyapara akatisha kwamba ataita askari.

"Waite," mama akamwambia. "Na wajue kuchuma."

Kahawa iliyoiva haingoji mtu, na mwenye shamba alilijua hilo kuliko sisi. Kabla ya adhuhuri alikuwa amewapigia simu wakubwa wa benki Nairobi.

Baada ya siku chache wakaja: mkaguzi mzee kutoka Nairobi, meneja wa Thika, na yule kijana, safari hii bila tai. Meneja hakungoja kuulizwa.

"Mwizi ni huyu," akasema. "Nimefukuza yeye. Polisi atachukua. Nyinyi rudi kazi."

Tulianza kumzomea kijana, hata mimi. Mama akainua mkono.

"Kijana wangu, ile sabuni ulinunua wewe?"

"Hapana, mama. Nilipewa na bwana meneja."

"Alikutuma nini?"

"Kila mwezi alitaka idadi ya watu wapya. Isipotimia, ananionyesha vijana wanaotafuta kazi pale nje. Nilimwambia watu wa mashamba hawataki. Akasema wakishika sabuni watataka. Lakini kuwadanganya, niliwadanganya mimi. Mdomo ulikuwa wangu."

Mkaguzi akamgeukia meneja na kumuuliza jambo kwa Kiingereza. Sikuelewa neno, ila niliona meneja akijibu huku anatazama viatu vyake. Kisha mzee akatuambia kwa Kiswahili kizuri kwamba pesa zetu zitarudi zote, na aliyeweka idadi ile atajibu Nairobi kabla ya aliyeifuata.

"Na huyu?" mtu akauliza.

"Huyu asifungwe," mama akasema. "Alete pesa zetu yeye mwenyewe, ampe kila mmoja mkononi, amtazame machoni."

Ikawa hivyo, na mkaguzi akamrudisha kazini. Alipita nyumba kwa nyumba. Wengine walimfokea, bibi mmoja akamfungia mlango, naye akasimama nje mpaka ukafunguliwa. Meneja hatukumwona tena, na aliyekuja baada yake hakudai idadi. Kijana alipofika kwetu alieleza mambo ya akiba polepole, kama alivyopaswa kueleza tangu mwanzo. Mama alikataa huku akicheka. Mimi nilimuuliza kwanza pesa hutolewa vipi, ndipo nikakubali.

Miaka ile ya hali ya hatari ilipokaribia kwisha, watu wetu waliruhusiwa kupanda kahawa yao wenyewe, na chama cha wakulima kikahitaji mweka hazina. Wanawake ndio waliomtaja kijana yule kwanza. Alisimama mbele yetu akafuta macho kwa mkono wa shati, sisi tukimpigia makofi.