Mwisho Wako ni kwa Abdi

Wale wa rika langu hamhitaji kuelezwa. Enzi zetu hakuna aliyefundishwa kuendesha baiskeli. Baiskeli ilikuwa ya baba, nyeusi, ya chuma kitupu, na kiti chake hatukukifikia hata tukipanda juu ya jiwe. Ulingoja baba asinzie baada ya chakula cha mchana, ukapenyeza mguu wa kulia katikati ya fremu, ukaenda umejipinda upande mmoja kama mtu anayechungulia dirishani. Ukianguka hukulia, kwa sababu kilio kingemwamsha. Ulikagua baiskeli kwanza, halafu goti.

Kwetu kulikuwa ndani kidogo kutoka Kisaju, kwenye nyanda zenye upepo mwingi na maji machache. Wazazi wangu walihamia huko kutoka Nyeri na ng'ombe wawili wa gredi, wale wa maziwa mengi. Nilipofika darasa la sita, baba alichoka kujifanya haoni magoti yangu, akanipa kazi. Jumamosi zote na likizo zote nilipeleka maziwa dukani kwa Mzee Abdi, kando ya barabara ya Namanga. Baba aliufunga mtungi kwenye karia kwa mpira wa tyubu, akauvuta mpaka karia ikalia. Mke wa Mzee Abdi aliyapokea maziwa, akayachemshia hapo hapo chai ya tangawizi ya wafugaji waliokuja na mbuzi wao, na mimi akanipa kipande cha halua kwenye karatasi. Mpaka leo nikisikia harufu ya iliki, natafuta mahali pa kuegesha baiskeli.

Kisha nilisuuza mtungi, nikaujaza maji kwenye bomba lililokuwa nyuma ya duka, kwa sababu nyumbani hatukuwa na maji. Maziwa kwenda, maji kurudi. Baba alisema baiskeli haitembei tupu, na sikumbuki ikitembea tupu hata siku moja. Agizo lake la pili alilitoa kila safari, akiwa amenishikia kiti: "Mami, mwisho wako ni kwa Abdi." Huniita Mami kwa sababu nimerithi jina la mama yake, ingawa jina hilo halikuwahi kunisaidia chochote. Mbele ya duka barabara iliendelea hadi ikapotelea upande wa Isinya na Kajiado, na malori ya Namanga yalipita yakinguruma; nilidhani ndiyo yaliyomtia baba hofu. Niliitazama huku halua ikiniyeyukia mkononi, kisha nikageuza. Nilitamani sana kuona inakoenda.

Tangu hapo nimeipita barabara hiyo kwa gari mara nyingi, lakini gari hukubeba tu kama gunia. Kwa hiyo mwaka huu, nikiwa mama mzima wa miaka hamsini na kitu ninayeishi Kitengela, binti yangu Kui aliponiambia kikundi chao cha baiskeli kinaandaa safari ya kwenda Kajiado na kurudi siku moja, nilimwambia aandike jina langu. Alicheka. Alipoona sicheki, akaacha.

Vijana wa siku hizi hawapandi baiskeli, wanajiandaa kuipanda. Kui aliniletea kaptura ya kubana yenye godoro ndani. Enzi zetu godoro lilikuwa la kitandani, na hata hilo tulilala watatu. Akaleta miwani, glavu zisizo na vidole, saa ya kupima moyo, na vipakiti vya kitu kitamu kinachonata ambacho eti ndicho nguvu. Sisi nguvu yetu ilikuwa githeri ya jana, mahindi na maharagwe. Juu ya yote kulikuwa na simu ya kurekodi, maana safari isiyorekodiwa, Kui alinieleza kwa upole, haikufanyika. Nikamwonyesha kovu la goti.

Ndipo aibu ilipoanza. Aliniazimia baiskeli ya mwenzake, nyepesi kiasi cha kuinuliwa kwa vidole viwili. Nikaipanda mbele ya geti letu, nikaanguka. Nikapanda tena, ikayumba, nikaingia kwenye ua wa jirani. Wiki nzima nilianguka kila jioni, na kila jioni watazamaji waliongezeka, wengine na vikombe vyao vya chai. Kui alianza kuniambia, kwa sauti ya daktari, kwamba si lazima. Nilikaa jikoni nikijikanda kiwiko na nikakaribia kukubali. Iliniuma kweli, kwa sababu nilijua nikiacha mwaka huu sitajaribu tena.

Nikainua macho nikaona pakiti za unga kwenye rafu, na hapo nikaelewa. Ukiondoa zile safari za wizi zilizoniachia makovu, maisha yangu yote sijawahi kuendesha baiskeli tupu. Mwili wangu ulijifunza na mzigo, na bila mzigo haukujua katikati ni wapi. Kesho yake nilitia pakiti nne za unga kwenye begi, nikalishusha mpaka kiunoni, nikazunguka mtaa mzima bila kuyumba. Majirani walirudi ndani wamevunjika moyo.

"Mum, surely," Kui akasema. "Watu wanavua hadi saa kupunguza uzito, na wewe umebeba ugali."

Nikamjibu kwamba niko na sababu zangu.

Siku yenyewe kundi liliniacha kabla hatujatoka mjini. Nilikanyaga peke yangu, unga mgongoni, mpaka Kisaju, na pale mikono yangu ikafunga breki yenyewe. Nilishtukia nimeshashuka na kuegesha baiskeli kwenye ukuta wa duka la Abdi, mahali pale pale pa zamani. Siku hizi duka ni la mjukuu wake na linauza hadi vigae, lakini benchi la wafugaji bado liko nje. Baba alikuwa amekaa juu yake, na koti na kofia, kwa sababu nilimpigia simu kumwambia nitapita. Aliangalia helmeti yangu, akaiangalia kaptura, akaamua kuuliza kuhusu begi.

"Umebeba nini?"

"Unga, baba."

Akatikisa kichwa kukubali. Katika habari zote za safari hii, hiyo ndiyo ya kwanza iliyomwingia akilini.

Mimi nilibaki nimesimama. Miguu haikutaka kupita lile duka. Nikamwuliza kama naweza kuendelea, na nilijiona mjinga, lakini nilimwuliza.

Aliitazama barabara. "Malori haikuwa shida," akasema. "Niliona vile ulikuwa unaangalia hii barabara. Nikajua ukipita hapa hutarudi."

Akainuka polepole, akanishikia kiti. "Enda, Mami. Lakini urudi."

Nilienda. Upepo wa Isinya ulinipiga kifuani, na mchungaji mmoja akanisalimia "Sopa" nikakosa pumzi ya kumwitikia. Kajiado nilifika wakati wenzangu wameshageuza, nikapewa ndizi iliyobaki, nikalia mbele ya kibanda cha kuuza kava za simu. Barabara kumbe ilikuwa inakuja hapa tu, na nilifurahi mno.

Niliporudi Kisaju jua lilikuwa limelalia upande wa Ngong, na baba alikuwa bado kwenye benchi. Akasema nimerudi, nikasema nimerudi. Kisha akafungua begi, akatoa unga, akasema mama yangu atautumia, na mahali pake akatia kibuyu cha plastiki kilichojaa maziwa. Nisitembeze baiskeli tupu.

Kitengela waandaaji walikuwa wameshakunja mabango. Kui alikuwa peke yake na medali yangu. Nyumbani tulichemsha chai kwa maziwa yale, akafungua simu kunionyesha safari yangu yote: kasi, vilima, mapigo ya moyo. Nikamwuliza Kisaju iko wapi. Akasema simu huondoa muda wa kusimama. "Hiyo haihesabiwi, mum."

Siku hizi simu inajua ulipo kila dakika. Enzi zetu alijua mtu mmoja tu, naye hata leo haondoki kwenye benchi mpaka akuone. Nilimwambia Kui airudishe Kisaju yangu. Akajaribu, akasema haiwezekani, ndivyo ilivyotengenezwa. Nikamwongezea chai, nikamweleza habari za halua, na alipokuwa akisikiliza aliisahau simu mezani mpaka ikazima.