Boneti ya Baba na Waya wa Sufuria

Ipo siku moja ninayoikumbuka, mwanangu, na wewe ndiwe uliyeniamshia kumbukumbu yake Jumapili iliyopita, ulipokuja na gari lako na kuniambia fundi amelibandikia plastiki angavu ya kulinda rangi. Ulijigamba kidogo, nami nikafurahi nawe. Kisha ukaniuliza kama nina ile poda yangu ya kusugulia sinki, uondoe madoa ya lami. Niliingia ndani bila kukujibu, ukadhani nimekasirika. Sikukasirika. Keti nikwambie, maana hata baba yako hajui yote.

Tulikaa Kibirichia, kwenye shamba la viazi. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, nami nilikuwa msichana wa miaka kumi na tisa, nimemaliza kidato cha nne. Sifa yangu kijijini ilikuwa moja tu: sufuria. Cheka ukitaka. Kwetu sufuria zilianikwa juu ya kichanja nje ya jikoni, na mgeni akiingia uani alitazama kichanja kabla ya kumtazama mwenye nyumba. Zangu zilimetameta hadi barabarani. Nilizisugua kwa majivu na waya mpaka ungeweza kuhesabu meno yako ndani yake. Mama alinisifu kwa wenzake kanisani, nami kichwa kikavimba. Niliamini hakuna uchafu duniani wa kuushinda mkono wangu.

Baba alikuwa na pikapu kuukuu ya buluu. Aliteremsha viazi hadi Embu, mara nyingine hadi Kiambere, akarudi na ndengu. Kwenye boneti kaka yangu Murithi, ambaye wewe umebeba jina lake, alikuwa amechora mmea wa kiazi uliochanua, na chini yake akaandika kwa rangi nyeupe: KAZI YA BABA. Kazi yake ilikuwa kuchora mabango. Aliandika majina ya bucha na maduka kutoka kwetu hadi Kanyakine, na herufi ya mwisho aliivuta mkia mdogo, ungeijua popote.

Mwaka huo Murithi aliteremka Kiambere kuandika bango la duka. Sisi wa milimani hatukuwa tumezoea mbu wa kule. Alirudi na malaria, ikampanda kichwani, na kabla ya wiki kwisha tulikuwa tumemzika. Alikuwa na miaka ishirini na minne. Nilimpenda kuliko mtu yeyote, mwanangu, na hadi leo nikisikia harufu ya rangi mbichi nageuka kumtafuta.

Baba hakulia mbele yetu. Alichofanya ni kwenda Embu kwa fundi mmoja aliyekuwa akibandika maandishi kwenye vioo vya maduka, akamwomba amtafutie plastiki isiyo na rangi ya kufunika ule mchoro. Siku hizi mnaipata kila mahali. Wakati ule ilikuwa ajabu. Mawe ya barabara yetu yalikuwa yameanza kuila rangi pembeni mwa herufi, na baba hakutaka hata herufi moja ipotee. Fundi akaibandika, akaipapasa kwa kitambaa mpaka usingejua kama ipo.

Tangu hapo boneti aliiosha mwenyewe. Mahali pengine pote tuliosha sisi, lakini hapo ulikuwa mkono wake tu: maji mengi, sabuni laini iliyoyeyushwa kidogo, na fulana yake kuukuu ya pamba. Alikawia sana, midomo ikimchezacheza. Nilidhani ni uzee, na nisamehe, nilidhani pia ni uvivu. Nilijisemea moyoni kwamba mzee hajui kusugua.

Yakafika maombi ya kumkumbuka Murithi, mwaka mmoja tangu tumzike. Akina mama wa kanisa walikuwa waje Jumapili. Ijumaa baba akarudi kutoka Kiambere, na kwa kuwa barabara ya huko ilikuwa ikitiwa lami, pikapu ilifika imejaa madoa meusi hadi juu ya mchoro. Jumamosi asubuhi alikwenda kwa miguu kumwona mzee wa kanisa. Mimi nikaitazama ile boneti nikaona aibu. Watu waje kumwombea kaka yangu, na kazi ya mikono yake imechafuka hivyo?

Nilitaka kumfurahisha baba, hilo ulishike. Sikuwa na nia nyingine.

Nilichukua petroli ya pampu ya maji, maana madereva wote niliowajua waliondoa lami kwa petroli. Lami ikatoka, nikatabasamu. Halafu plastiki ikaanza kuwa nyeupe kama uji. Nikadhani ni uchafu uliobaki, nikakimbilia jikoni kuleta majivu na waya wangu. Nilisugua kwa nguvu zangu zote huku nikiimba nyimbo za kesho yake. Nilipomwaga maji niliona mikwaruzo mitupu, na kingo zimeinuka. Herufi hazikusomeka. Hapo hofu ikaniingia, nikafanya jambo baya zaidi: niliamua kuibandua plastiki yote, nije nimwambie baba kwamba ilikuwa imechakaa.

Petroli ilikuwa imeshapenya chini yake. Nilipovuta, rangi ikaja nayo. Ua likaja, majani yakaja, KAZI ikaja. Nilikuwa nimeshika mikononi mwandiko wa kaka yangu, umegeuka, unateleza. Nilijaribu kuurudisha, lakini upepo uliikunja plastiki, gundi ikashikana na gundi, na haikufunguka tena. Juu ya boneti ilibaki A ya mwisho peke yake, na mkia wake.

Baba alinikuta nimekaa chini kando ya gurudumu. Mama alikuwa mlangoni, mikono kichwani. Nilingoja kofi. Yeye aliinama, akapitisha kidole juu ya ile herufi.

"Umetumia nini, mwari?" Ndivyo alivyoniita siku zote, jina la kwetu la binti.

"Petroli, baba. Na waya wa sufuria."

"Fundi aliniambia petroli isikaribie hapa. Wala kitu cha kukwaruza."

"Sikujua, baba."

"Si ungeniuliza?" Akaweka kiganja juu ya boneti. "Mimi hapa sikuwa naosha tu. Nikitoka safari, hapa ndio nilikuwa nampatia Murithi habari. Namwambia viazi vimeisha, mama yako ako sawa, wewe umekua. Sasa nitasimama wapi?"

Alikwenda akachota maji, akachovya fulana, akaiosha ile A moja polepole mpaka ikatakata. Hapo ndipo nilipomwona baba akilia kwa mara ya kwanza. Jumapili aliegesha pikapu ikielekea ua wa michongoma, wageni wasione mbele yake. Hakuniadhibu, wala hakunitajia jambo lile tena mpaka alipofariki. Afadhali angenichapa.

Kwa hiyo nisikilize. Hiyo plastiki yako si sufuria. Dukani usichukue chupa kwa sababu jirani ameisifu. Igeuze usome nyuma. Yenye petroli, tina ya kuzimulia rangi, spiriti au dawa ya kung'arisha nguo, iache hapo hapo. Poda yangu ya sinki pia iache, nimeshaificha. Tafuta sabuni ya maji, laini, ya kuoshea gari, na hata hiyo ijaribu kwanza pembeni pasipoonekana, ungoje uone. Mwaga maji kabla hujagusa, mchanga utoke, kisha upapase. Kingo usizichokoe. Lami iwekee kitambaa chenye maji ya vuguvugu na sabuni, uipe muda ilainike. Ikikataa, mwulize aliyekubandikia, usishindane nayo. Nguvu za mkono zilinidanganya mimi.

Na ukimwona mtu anashika kitu chake polepole kuliko unavyoona inafaa, usimcheke moyoni kama mimi. Mwulize anakitunzaje kabla hujakigusa, hata kama unataka kumsaidia. Hasa kama unataka kumsaidia.

Ile plastiki iliyokunjamana ninayo bado, kwenye mkebe wa majani ya chai. Fulana ya baba ninayo pia, nayo leo nakupa wewe, imebaki laini vilevile. Mungu akutangulie kila barabara utakayopita, akurudishe nyumbani mzima, na mikono yako aipe subira ambayo yangu haikuwa nayo. Na siku ukiosha gari lako, mwanangu, mpatie mjomba wako habari.