Nyumba ya Bulon ya Majengo

Mama mwenye parseli, kiwanja kile cha Majengo, hagusi ukuta kwa kiganja. Anaupiga kwa pete yake, ko ko, kisha anatega sikio kama anayengoja kuitikiwa hodi. Tangu lori lilipoleta vyumba vilivyoundwa kiwandani, fundi Cirimwami hakupata kupumua: mama yule alimwandama kila kona, kitenge kimekazwa kiunoni, vumbi jeusi hadi magotini, akicheka peke yake. Winchi iliposhusha chumba cha mwisho juu ya mawe, kikakaa kitako barabara, alipiga vigelegele hadi majirani waliokuja kumdhihaki wakaitikia.

"Papa fundi, hii nyumba inafungukaka?"

Cirimwami alidhani anaogopa wezi. "Hapana, mama. Tumekaza bulon zote," akasema, akigusa bolti nene zinazounganisha vyumba.

Uso ukamsawijika. "Ile yangu ya kwanza ilikuwa ya mawe," alisema, akionyesha kwa kidevu upande wa mlima. "Volkano ilishuka, nikakimbia na sufuria tu."

Ndipo fundi akaelewa swali, akampa ufunguo wa bulon, ile spana ya kuzikazia. Mama akauzungusha, bulon ikalegea. Akaikaza tena, machozi ya kicheko yakimtoka. Kisha akaufunga kwenye pindo la kitenge, pamoja na funguo za milango.

"Mulima ikikohoa tena, hii mara tunakimbia na nyumba yetu!"