Uso wa Chui

Nimefungua mkoba wa kamera ya marehemu shangazi, na harufu ya ngozi kavu imenirudisha kwenye hifadhi ya wanyama tulikopelekwa na shule, safari ndefu ya basi kutoka Nkubu. Filamu ya kamera hiyo, aliyoniazima shangazi, ilibakiza picha moja tu. Nyanya alikuwa ameniagiza uso wa chui, kwa kuwa yule aliyemlia mbuzi alimwona mgongo tu, akitokomea kwenye majani chai.

Chui hakutulia kizimbani mwake. Alikwenda, akageuka, akarudi, ubavu ukisugua waya, nami nikimfuata huku na huku, kidole kikiloa jasho juu ya kitufe.

“Basi linaondoka,” mwalimu akaita. “Wewe, kuja.”

“Mwalimu, bado hajaniangalia.”

“Hatakuangalia. Kuja.”

Nikabonyeza.

Picha iliposafishwa, ilionyesha waya, mkia na ukungu wa madoa. Nilimpa nyanya nikiwa nimeinamisha kichwa. Aliisogeza kwenye mwanga wa mlango, akaitazama kwa muda mrefu.

“Huyu hupumzika saa ngapi?”

“Sikumwona akipumzika, nyanya.”

 Kesho yake, akimkama mbuzi aliyebaki, aliniuliza tena.